Mwenyekiti Wetu Aliye Mbali

Nyumbani kwa Seremala,
Nyuma ya soko la samaki,
Jumapili, tarehe saba.

Mpendwa Shangazi,

Hapana, hawakukuchagua kwa utani! Simu ilikatika mdomo wangu ukiwa bado wazi, na tangu jana nazunguka humu ndani nikibishana na wewe peke yangu, mpaka mume wangu akaniambia, "Mwandikie basi, mimi nimechoka kuwa shangazi yako." Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Lakini salamu kwanza, nisije nikaambiwa ndoa imenitoa adabu. Shikamoo Shangazi. Hujambo lakini? Goti linasemaje? Na usinijibu kwamba limepona, maana Baba Mdogo ameshanieleza kuwa siku hizi unashuka ngazi kinyumenyume huku ukimwambia unatafuta sindano iliyoanguka. Endelea kulichua, na ukikaa uliweke juu ya mto. Sisi huku ni wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, akishaanza kutugombeza kikohozi kinapona.

Mimi ni mzima kupita kiasi. Nimeolewa, Shangazi! Najua unajua, mashuka uliyotutumia ndiyo tunayolalia, lakini nikiliandika hilo neno moyo wangu unaruka. Nasema "mume wangu" kila mahali, hata pasipohusika. Juzi dukani nilisema mume wangu hapendi chumvi nyingi, muuza duka akaniuliza, "Na kiberiti nacho anakipenda kiasi gani?" Wacha wanicheke. Asubuhi akiwa anakunywa chai na vumbi la mbao bado limo kwenye nyusi zake, mimi hukaa tu nikimtazama kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani na mwenyewe hajajitokeza kukidai.

Sijawahi kukusimulia jinsi alivyonipata. Ni kwa ajili ya mlango wetu wa Nyumba ya Watoto, ule uliokuwa ukivimba kwa unyevu mpaka unausukuma kwa bega. Tulimwita aupige randa. Akaupiga, ukafunga vizuri, baada ya wiki mbili umevimba tena. Akarudi. Ukavimba tena. Bi Mwiko, anayetupikia watoto uji, akaanza kusema huyu fundi ama ni mbovu ama ana lake jambo. Baada ya kunioa ndipo alipokiri: alikuwa anaondoa mbao kidogo tu, nyembamba kama ganda la kitunguu, ili apate sababu ya kurudi. Siku tulipoposana aliupiga randa sawasawa, na haujavimba mpaka leo.

Shangazi, ningependa uuone ule mlango. Kila nikiusukuma nakuona umesimama pale kizingitini na kopo lako la maji, sisi tumepanga mstari tukiwa na mchanga hadi magotini. "Mguu! Na ndugu yake!" Ukamwagia mmoja, ukamwagia wa pili, ukagusa kichwa, huyo ndani. Hukuwa unatuhesabu kwa macho, ulituhesabu kwa kiganja. Ndani mlikuwa na giza zuri la lile ghala la zamani la barafu, kuta nene, baridi, na harufu ya samaki isiyoisha hata mpake chokaa mara ngapi. Mikeka imetandikwa chini, mwanga unaingia kwa vile vitundu vya juu, na sauti za mama zetu zinasikika kwa mbali huko pwani wakichimbua chaza. Nilikuwa nafikiri dunia nzima iko hivyo: bahari ikirudi nyuma, mama anaondoka, bahari ikija, mama anakuja nayo.

Kopo bado tunalo, jipya lakini. Nami ndiye ninayemwaga siku hizi, na huwa nasema maneno yako yale yale. Vitoto vinacheka pale pale tulipokuwa tunacheka sisi.

Sasa sikiliza mambo yalivyokwenda, kwa sababu kwenye simu ulisikia mkia tu.

Alikuja mkufunzi kutoka mjini. Ni dada mmoja mwenye miwani, mpole, kazi yake ni kuzunguka kwenye vyama vidogo vidogo kama chetu na kuvisaidia visimame imara, visife wakichoka wawili watatu. Siku ya kwanza alifika saa mbili kamili asubuhi, maji ya bahari yakiwa yamejaa. Akakuta pamefungwa. Masikini, alikaa kizingitini na mkoba wake mapajani mpaka Bi Mwiko alipopita akamwambia, "Bado maji, mwanangu. Rudi yakitoka." Yeye akadhani anaambiwa habari za bomba! Akamjibu kwamba ana maji yake kwenye chupa.

Alipoelewa kwamba tunafungua kwa kufuata bahari na siyo saa, alifurahi kama mtoto. Sikutegemea. Nilidhani atatuambia tubadilike. Alisema wanaochunga watoto wakati ule hasa mama zao wanapohitaji kuchungiwa hawana haja ya kufundishwa saa, ila watundike kibao ili mgeni asikae kizingitini. Mume wangu akakichonga jioni ile ile: TUNAFUNGUA MAJI YAKITOKA. Herufi zake zinalala upande kidogo. Ninazipenda.

Kisha akauliza kiongozi wetu ni nani. Tukatazamana. Mama Pacha akainua ufunguo. Mkufunzi akasema, "Hongera, mwenyekiti." Mama Pacha akasema, "Mimi? Mimi nina watoto wadogo tu." Ikabidi tumweleze ule utaratibu wako, kwamba mwenye mtoto mchanga kuliko wote ndiye anayeshika ufunguo, kwa sababu ndiye anayeamka mapema kuliko wote apende asipende. Mwingine akijifungua, ufunguo unahama. Akacheka, akasema ni utaratibu mzuri wa kufungua mlango. Lakini je, siku mtu akija kuuliza maswali makubwa, atasimama nani?

Na hilo swali kubwa limekuja kweli, Shangazi. Unamkumbuka yule mchuuzi tuliyemwita Mizani? Amenunua mtambo wa barafu, na ameliomba baraza la kijiji limrudishie ghala lake la zamani, yaani Nyumba yetu ya Watoto. Simlaumu sana, samaki wanaoza na vijana wanataka kazi. Anasema, "Mtoto atakaa hata kivulini. Barafu haikai kivulini." Baraza litakaa mwanzoni mwa mwezi ujao, na wametuambia wazi: watamsikiliza yeye, na watamsikiliza kiongozi wa chama chetu atakayesimama mbele yao kwa miguu yake. Asipokuwepo, ghala ni la Mizani. Hatuna nyumba nyingine yenye kuta za baridi namna ile, na mama hawezi kushuka pwani na mtoto mgongoni jua likiwaka.

Basi tukaitana kuchagua. Ungekuwepo! Mkufunzi akasema anayependekeza jina anyooshe mkono. Kila mmoja anaogopa akimtaja huyu atamuudhi yule. Mwisho msusi wa mikeka akanitaja mimi, kwamba nimemaliza sekondari na sina aibu ya kusema. Nikajiweka sawa mkekani. Lakini Mama Pacha akasema, "Chiriku? Hajazaa. Ufunguo wa Shangazi una masharti yake. Nani atamwamsha?" Bi Mwiko akadakia, "Bibi harusi mnamwamsha wa nini? Kwani analala?"

Shangazi, nilitamani ardhi ipasuke. Walicheka mpaka watoto wakaamka ndani, na mkufunzi akavua miwani kufuta machozi. Baada ya kicheko kile jina langu likawa limepotea, hakuna aliyelirudia. Ndipo Bi Mwiko akasema, "Tunahangaika nini? Mwenyekiti ni aliyeanzisha." Mikono yote juu, hata ya waliokuwa wamenuniana tangu mwaka jana. Makofi. Mkufunzi akafurahi, akauliza, "Yuko wapi tumpongeze?" Wote wakanigeukia. Nikamjibu mimi: yuko bara kwa mdogo wake, safari ya siku nzima, na goti lake halipandi basi bila sababu.

Nawe ukaniambia kwenye simu, "Chagueni mtu mwenye magoti." Ukakata, au ikakatika, sijui.

Mume wangu huwa hasemi sana, lakini usiku wa siku ya uchaguzi tulipokuwa tunakula alisema jambo ambalo halijanitoka. Alisema, "Wamemchagua kwa sababu wanampenda. Na pia kwa sababu hayupo, hakuna atakayenuna." Nilinuna mimi. Kisha nikaona ni kweli. Wanakupenda, Shangazi, usidhani vinginevyo. Mpaka leo mtoto akikataa kulala wanamwambia wewe unakuja. Lakini kuna mtu lazima asimame mbele ya baraza, na upendo wa mtu aliye mbali hauwezi kumjibu Mizani.

Najua kwa nini uliondoka. Sitaki kukugusa pale panapouma. Baada ya kumzika mumeo ulisema huwezi kuisikia tena ile bahari iliyomchukua, na hakuna aliyekulaumu, wala mimi silaumu. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kukuona ukiukabidhi ufunguo. Na nakumbuka vizuri: siku ile wanawake walikuwa wanaugombania, na wewe ulikuwa umechoka, ukasema tu, "Ashike mwenye mtoto mdogo," ili wanyamaze. Wakanyamaza. Wameshika neno lile mpaka leo kana kwamba limechongwa kwenye ukuta. Lakini wewe mwenyewe, Shangazi wangu, ulishika ufunguo ule miaka yote bila kuwa na mtoto wa kumzaa, na hakuna nyumba iliyopata kufunguliwa kwa wakati kama ile.

Sasa nalisema, na nimeuma kalamu kabla ya kuliandika: naitaka kazi hii. Siyo kwa sababu nimesoma. Ni kwa sababu nikimwaga lile kopo najua niko mahali pangu, kama ninavyojua nikisikia hatua za mume wangu uani. Nimejizoeza hata maneno ya kumjibu Mizani. Nitamwambia barafu ikiyeyuka inagandishwa tena. Mume wangu anasema ni maneno mazuri ila nisiyaseme nikitabasamu.

Lakini siwezi kuichukua kinyume cha neno lako. Na kwa simu haitafaa, Mama Pacha ameshasema, "Chiriku atatuletea maneno ya Chiriku." Anataka akusikie kwa masikio yake mwenyewe. Sina ugomvi naye, anaulinda utaratibu wako kuliko mtu yeyote.

Nisalimie sana Baba Mdogo, mwambie randa aliyomwahidi mkwewe bado inasubiriwa. Msalimie Mama Mdogo na wale wadogo zangu wote, hasa yule wa mwisho anayepokea simu na kukaa kimya. Mama anakusalimu, Bi Mwiko anakusalimu na anauliza nani anakupikia huko. Mungu akulaze vizuri, akuamshe bila maumivu, na akupe furaha mfano wa hii niliyonayo, maana yangu imezidi.

Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja: mimi, mume wangu, Mama Pacha na pacha wake wote wawili, kwa hiyo mwambie Mama Mdogo aazime mikeka. Ukitaka kurudi nasi usimame mwenyewe mbele ya baraza, mume wangu atakubeba mpaka kwenye basi, amesema hivyo na mikono anayo. Ukitaka nisimame mimi, mwambie Mama Pacha. Na ukiona sifai, niambie usoni, nitalia kidogo kisha nitakuchua goti. Tunakuja, Shangazi.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda tangu ukiniosha miguu,

Chiriku wako, mke wa Seremala