Chai ya Felista Ukweni

Mpanda, Jumapili, 16 Juni 1996

Bado namwona mdogo wangu Felista ameshika kile kikombe ukweni kwake leo. Chai ya mgeni kwao huchemshwa na sukari nyingi, na kuikataa ni kumtukana mwenyeji. Niliogopa atainywa.

"Mama, nisamehe. Hivi vidonge vya saratani ya titi vimenipandisha sukari. Daktari amenikataza," Felista akamwambia mama mkwe wake.

Mama mkwe akacheka. "Chai bila sukari kwangu? Majirani watasema nimefilisika!" Akainuka mwenyewe, akabandika sufuria nyingine.

Marehemu mama yetu alificha uvimbe wake chini ya kanga kwa aibu, mpaka ukamchukua. Felista amelitaja titi mbele ya wakwe zake, kichwa juu.

Hiyo sukari yake bado inanitisha. Lakini nami niliomba ile chai chungu, nikakaa karibu naye, nikainywa yote.