Kucha za Zainabu

Vuga, 4 Machi 1953

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu kwako na kwa mumeo Issa. Hamjambo? Mimi mzima, hata mafua yananiogopa. Maneno ni yangu, mkono ni wa Sefania fundi cherehani, palipopinda mlaumu yeye.

Zainabu anarudi kesho na wanaokwenda gulioni. Ameniuliza kwa nini kila mwezi mama yake anagaagaa chini. Mimi babu yake, mtani wake, ningesema nini? Nikamwambia: "Ni wewe huyo. Ulipozaliwa kucha zako ulizisahau humo tumboni." Nikamsimulia na yule ng'ombe niliyemtoa ukucha wa chui tumboni kwa mkono wangu huu, wazee wote wa Vuga wakashuhudia. Hakucheka. Labda anacheka njiani.

Nawe jikaze. Mama yako alizaa saba na shamba alilima.

Baba yako


Bungu, 27 Machi 1953

Baba, shikamoo. Natumaini kifua hakikusumbui.

Barua hii anakuja nayo Issa kwa miguu. Zainabu hayupo tangu alfajiri.

Siku zangu zilianza Jumanne. Sijawahi kukueleza kwa sababu unacheka. Tumbo linakamuliwa kama nguo ya kufua. Mawifi wanasema nakimbia jembe. Siku hizo nakuwa mtu nisiyemjua, nawaza mambo nisiyoweza kuyasema. Jana mtoto alinisogelea na maji nikamfokea: "Niondokee, wewe ndiye unayeniua." Akaangalia vidole vyake. Ndipo nikaona amekata kucha zote kwa wembe mpaka kwenye nyama. Wiki mbili hagusi ugali wa bada, nikadhani minyoo.

Kama yupo kwako, mshike. Kama hayupo, usiandike. Njoo.

Mwanao


Vuga, 28 Machi 1953

Mwanangu,

Yupo. Leo salamu zitangoja. Amelala, miguu imevimba, Issa amekaa kando yake.

Unajua alifuata nini? Alinifuata mimi. "Babu, twende ukamtoe mama kucha zangu, kama ulivyomtoa yule ng'ombe." Wembe amekuja nao, kaufunga kwenye jani la mgomba.

Nikamwambia nilikuwa natania. Akadhani naona uvivu wa kutembea. Nikamwambia hakukuwa na ng'ombe. Akasema, "Lakini wazee walishuhudia." Miaka arobaini nimeishi kwa hadithi ile, mwanangu. Basi nikamshika mkono nikampeleka barazani, wenzangu wote wapo, nikasema: sijamtoa ng'ombe kitu. Chui nilimwona mara moja, nikajikojolea, nikamwachia mbuzi wa baba yangu. Sefania anasita. Andika, Sefania.

Wamecheka mpaka wakakohoa. Zainabu hakucheka, ila tuliporudi alikula.

Kesho tunakuja. Nitayasema tena mbele yako na mbele ya mawifi zako, kisha Issa akupeleke hospitali. Na lile neno la kujikaza nalirudisha. Mama yako alikuwa akijifungia jikoni analia, mimi nje naimba nisimsikie.

Baba yako


Bungu, 2 Mei 1953

Baba, shikamoo. Magoti yanaendeleaje tangu safari ile? Huku mawifi wanaulizia chui wako.

Tumefika hospitali. Daktari anasema nyama za ndani ya mji wa mimba zimeota pasipo pake, siku zikifika nazo zinavuja damu humo humo. Dawa ya kumaliza hana, amenipa vidonge vya kutuliza. Nilimwingiza Zainabu asikie. Aliuliza neno moja: "Ni mimi?" Daktari akasema hapana. Akauliza tena. Daktari akaweka kalamu chini, akamwambia hapana mara ya pili.

Juzi siku zangu zilikuja, mbaya vilevile. Safari hii nilimwambia mapema: "Nikipiga kelele nagombana na tumbo, sigombani na wewe." Akakaa nyuma yangu ananikanda mgongo. Kucha zimeanza kuota, baba. Ukucha mmoja ukaniparua, akaondoa mikono upesi, akaificha.

Nikaitafuta, nikairudisha mgongoni.

Mwanao