Mnara Uliomchukua Kingori

Gatitu, Nyeri
14 Juni 2024

Dada Zuhura,

Barua yako imefika. Huku baridi imeingia, na ng'ombe amezaa.

Unasema mnaandika historia ya mnara wa taa, na unauliza Kingori alianza lini kuutunza. Ni mwaka 1991, taa ikiwa bado ya gesi. Nilimwomba angoje nijifungue. Akacheka: "Watiri, meli hazijui una mimba." Niliuonea wivu mnara huo miaka mingi, kumbe sikujua wa kumwonea. Siku tulipomzika, ulipofika na binti yako, jirani alisema, "Kumbe mnara una mke!"

Hilo nililimeza. Lakini niliposikia binti anaitwa Nduta, niliumia. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Mimi nilizaa wavulana watupu, na jina hilo nililiweka miaka yote.

Sikulaumu. Alikufa ukiwa umemshika mkono, na hata hapo nakuonea wivu.

Nakutumia picha yake. Nimesimama kando yake. Mkiitia kitabuni, tafadhali msinikate. Nami nikumbukwe.

Mke mwenzako,
Watiri