Muruke Juu ya Walikale

Evere, 14 février 1997

Mathilde mutoto yangu,

Miguu ya mama yako inavimba, mudomo wake ungali muzima.

Nimeona foto yako kule Amerika na bale bavolontaire ba kutafuta ndege zenye kupotea. Unasema kikosi chenu kinauliza kundi, kundi linauliza mukubwa wa jimbo nzima, na hakuna mwenye kulipwa. Ni kama jeshi yetu ya Zaïre, lakini nyinyi munatumika kazi kweli.

Bon, uliza mukubwa huyo. Kaka yako Patient alikimbia vita, akaingia mu pori ya Walikale, kule kwetu Zaïre, tangu novembre kimya. Muruke kidogo juu ya miti. Najua, hamuvuki mupaka wa jimbo yenu. Uliza tu, woga inanikula.

Na ukipiga simu, usinikane mbele ya mama. Nilimwambia mumekwisha kuruka.

Papa yako mwongo,
Modeste