Nyambura Anaenda Kusoma Gesi ya Nyota

Naro Moru, Jumapili, mwezi wa saba, 1998

Leo jua halijatoka kabisa. Ukungu umekaa juu ya viazi tangu asubuhi, na baridi hii ya Julai imeingia mpaka kwenye mifupa. Roho yangu haijatulia.

Nyambura anaondoka wiki ijayo. Ng'ambo, kwa miaka. Ni binti yangu wa pili, na kwetu wa pili huchukua jina la mama ya mama, kwa hivyo tangu azaliwe namwita Maitu, mama yangu. Mimi niliacha shule darasa la nne. Yeye amesoma mpaka vitabu vya hapa vimeisha.

Anaenda kusoma gesi. Si ya kupikia. Ati huko mbali sana kuna makundi makubwa ya nyota, anayaita galaksi, na katikati ya hizo nyota kuna gesi inayotembea. Jana tukichambua maharagwe nilimuuliza mtu anajuaje inatembea na hawezi kufika huko. Akaniambia nisikilize barabara ya Nanyuki. Lori ikija, mlio wake ni mwembamba. Ikishapita, unakuwa mzito.

"Si umejua inaenda wapi na hujaiona, Mami?"

Mwanga nao uko hivyo. Gesi ikija kwetu, rangi yake inavutwa kidogo upande wa bluu. Ikienda, upande wa nyekundu. Galaksi zikiwa changa, gesi inavurugika, inagongana. Nyingi zikikomaa zinatulia, zinazunguka vizuri. Wataalamu wanataka kujua zilituliaje.

Hayo nilielewa. Lakini akasema pia kwamba huo mwanga umesafiri muda mrefu mno, kwa hivyo anachoona ni galaksi ikiwa bado mtoto. Leo ikoje, hakuna anayejua.

Hapo ndipo niliogopa.

Kwa sababu barua za ng'ambo nazo hukawia. Nitasoma kwamba yuko mzima, kumbe siku hiyo amelala mgonjwa. Nitakuwa namjua Nyambura wa zamani tu.

Leo baada ya kanisa shemeji yangu, Baba Kamau, alikuja ili tumbariki. Mume wangu alishafariki, kwa hivyo ni sisi wawili. Kwetu mzazi humtemea mtoto mate kidogo kwenye viganja na kifuani, ndiyo aende salama. Wengine kanisani hawapendi, sisi hatujaacha. Baba Kamau akaanza na utani wake.

"Ati unavuka bahari kutafuta moshi? Na jiko la mama yako limejaa?"

"Huo nimeshaumaliza, Baba. Umenitoa machozi ya kutosha."

Tukacheka. Akatema, akamwombea. Kisha Nyambura akaniletea mimi viganja.

Sikutema.

Nilisema mdomo umekauka, ni hii baridi. "Shemeji, kunywa maji basi," Baba Kamau akasema. Nikanywa. Nikasema bado. Shemeji aliondoka bila kumaliza chai. Nyambura akarudisha mikono ndani ya sweta pole pole, akasema hawezi kupanda ndege hivyo, bila baraka yangu. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Mdomo haukuwa umekauka. Mate yalikuwepo. Niliyameza.

Nilifikiri nisipombariki atabaki. Na ni kweli, atabaki. Jioni hii nimemwona akitoa nguo kwenye sanduku, moja moja, akizirudisha kwenye kabati. Si ndivyo nilitaka? Mbona sasa sifurahi? Atakuwa hapa kila siku, nimwone vile alivyo, na vile alivyo ni mtu aliyefungiwa mlango na mama yake.

Heri nimjue kwa barua iliyochelewa.

Namsikia jikoni, anachemsha maziwa. Naenda kumwambia aweke sufuria chini, anyooshe mikono. Baba Kamau nitamweleza kesho. Huyu siwezi kumngojesha mpaka kesho.