Ati Sina Dhehebu

Kihonda, Morogoro

Baba yangu Mchungaji,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Na Mama, kifua kimeachia? Huku Morogoro mwili ni mzima, kiwandani tunashona sare mpaka vidole vinakufa ganzi. Roho ndiyo mbaya, Baba, na leo sifichi.

Uliuliza utatufungisha ndoa lini. Hutatufungisha. Nilikwenda bomani na mchumba wangu Deo kuulizia kibali chako cha kufungisha ndoa. Karani hakuinua hata kichwa. "Dada, ninyi si kanisa. Ninyi ni huduma. Huduma haifungishi ndoa."

Huduma! Kama ya choo cha stendi.

Babu alipojitenga na misheni, majirani huko Kasulu walituita watu wa mtoni kwa sababu ya ubatizo wetu. Mtendaji akaona jina la kanisa letu ni refu mno, akaandika "kikundi cha mtoni". Wewe ukacheka, ukasema watachoka wenyewe. Hawakuchoka, Baba. Kikundi kikaingia kwenye barua za serikali, baadaye wakaja na hiyo huduma yao, na sasa kanisa ulilolifyatulia matofali kwa mikono yako si kanisa.

Tukapanda milimani, Mgeta, kwa kina Deo. Mama yake ni mwema, alinifungia na karoti za kuja nazo. Lakini akasema, "Mwanangu, wewe ingia kanisani kwetu tu. Ufundishwe, ubatizwe vizuri."

Vizuri! Nikamwambia, "Mama, nimeshabatizwa. Alinibatiza baba yangu." Deo akasimama upande wangu, Mungu ambariki. Mama yake hajasema nasi sawasawa tangu hapo.

Basi tunafunga bomani. Wakati wa kuandikisha nikaulizwa dhehebu. Nikataja jina letu lote, na urefu wake. Yule bwana akasema halitambuliki, akaandika: Hana. Binti wa mchungaji, hana! Nililia njiani mbele za watu na sikuona haya.

Njoo, Baba. Deo atakupokea stendi ya Msamvu. Ila joho liache nyumbani, najua Mama ameshalipiga pasi. Sitaki ulivae halafu mtu akuoneshe kiti cha wazazi.

Msalimie kaka aliyebaki na ng'ombe. Msalimie na shangazi wa kwaya, na umwambie taratibu, ule wimbo wa kuwaingiza maharusi kanisani asiwafundishe wanakwaya tena.

Ni mimi binti yenu,
Neema