Wapangaji wa Mama

Pala, Kerala
Jumapili, baada ya misa

Kaka yangu mpendwa Kuruvilla,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na kwamba joto la Muscat limeanza kuwahurumia. Huku sisi ni wazima, ila mvua imekataa kuondoka na kikohozi cha mume wangu nacho kimekataa. Mama hajambo. Nyonga imeunga, anatembea na mkongojo wake, na masista wanasema mdomo ndio uliopona kwanza.

Najua utashangaa kupata barua. Lakini kwenye simu wewe hunikatiza, mimi hulia, halafu mtandao unapotea na kila mmoja anadhani mwenzake amekata kwa hasira. Haya nataka uyasome mpaka mwisho.

Uliniambia niwape wapangaji notisi wahame kabla ya Krismasi, ili ukija umkute Mama kwake. Sikubishana nawe. Mama alipoanguka bafuni, tulikubaliana kwamba bila kodi ya ile nyumba hatuwezi kuwalipa masista wanaomtunza kwenye makao yao ya wazee. Tukakubaliana pia tusimwambie, maana angekufa kwa uchungu akisikia wageni wanapika jikoni kwake. Basi kila nilipokwenda kumwona nilimdanganya: nyumba imefungwa, jirani yetu mzee Pappachan anafungua madirisha ipate hewa. Mama alikuwa akiitikia tu, "Ahaa. Pappachan ana moyo."

Jana nikaenda kutoa hiyo notisi. Nilipita njia yetu ya zamani katikati ya miti ya mpira. Kaka, ile harufu bado ipo, ya mpira unaokaushwa kwa moshi juu ya jiko. Nikamkumbuka Baba akirudi alfajiri na ndoo ya utomvu, miguu imejaa ruba wanaonyonya damu, na sisi tukigombania nani awatie chumvi waachie. Nikakumbuka mvua ikipiga vigae vya paa, Mama akipanga masufuria kila panapovuja, nawe ukisema kila sufuria lina sauti yake, ukalala sakafuni uyasikilize. Nilisimama langoni nikalia kidogo, halafu nikajifuta, maana nimekwenda kumfukuza mtu.

Barazani, kwenye kiti cha Baba, alikuwa ameketi Mama.

Alikuwa anamenya muhogo. Pembeni yake mabinti wawili wa mpangaji walikuwa wakikuna nazi, naye anawafokea kwamba wanakuna kama wanaogopa kuiumiza. Aliponiona wala hakushtuka. "Usinitolee macho, Leelamma," akasema. "Kwani umeona mzuka? Vua viatu, barazani pamefutwa."

Mpangaji mwenyewe, Sudhamani, yule mama wa posta, alitoka jikoni akasimama mlangoni kama mtoto aliyevunja kitu. Akaniomba radhi mara nyingi. Nilipata habari yote kwake. Mfenesi wa nyuma ulipozaa, aliona si vizuri kula tunda la kwanza bila mwenye nyumba kuonja. Akamuuliza Pappachan, Pappachan akamwelekeza kwa masista, naye akaenda na nusu ya fenesi mapajani ndani ya bajaji. Tangu siku hiyo, Jumamosi akiwa hana kazi anamfuata Mama, na jioni anamrudisha. Masista walijua. Pappachan alijua. Wajinga tulikuwa mimi na wewe.

Nikamuuliza Mama kwa nini hakuniambia. Akacheka mpaka kisu kikamponyoka. "Nilivunjika nyonga, sikuvunjika akili. Mshahara wako wa kufundisha chekechea ndio unaolipa masista? Nilijua zamani. Nilikuacha uendelee kwa sababu unadanganya kwa adabu."

Nikadhani sasa ndio wakati. Nikamwambia mambo yamekwisha, Kuruvilla anakuja, wapangaji watahama naye atarudi kwake kabisa. Kaka, uso wake ulibadilika. Aliwatuma wale mabinti wakachote maji, akangoja mpaka wafike kisimani. Halafu akaniambia neno ambalo nimeshindwa kulala nalo, na ndilo lililonifanya nikuandikie.

Alisema tangu Baba afariki alikuwa anaiogopa ile nyumba. Alianza kufunga chumba kimoja kimoja, kwanza chako, kisha changu, mwisho hata chake, akawa analala jikoni na redio ikiongea. "Vyumba sita, nami naishi jikoni kama paka." Nikamuuliza kwa nini basi alikataa kila tulipomwomba aje kwangu. Akasema, "Ningewezaje? Kila mkipiga simu, swali la kwanza ni nyumba ikoje. La pili ndio mimi. Nikajua kazi niliyobaki nayo ni kuwatunzia utoto wenu. Nimeutunza, mwanangu. Nimechoka kuwa mlinzi."

Ni kweli, Kaka. Hata mimi niliuliza hivyo hivyo.

Anasema kwa masista ana watu wa kugombana nao, na Jumamosi ana nyumba yenye kelele. Vyumba vyote viko wazi sasa. Chumbani kwako mabinti wameweka miungu yao na taa, na Mama anasema wanasali humo kuliko ulivyosali wewe maisha yako yote.

Basi notisi sikuitoa. Ilirudi nami mfukoni, na leo nimeichana. Ukikasirika, nikasirikie mimi. Ila kwanza mpigie Mama, na umuulize yeye hali yake, halafu usiulize kingine mpaka amalize.

Krismasi njooni, mtalala kwangu, magodoro yapo. Sudhamani ametualika sote chakula cha mchana, na Mama amekwisha kumwagiza apike bata. Ana ujumbe kwako pia, na amenionya nisiupunguze: siku hiyo usiingie moja kwa moja kama zamani. Simama langoni upige hodi, yeye mwenyewe atakuja kukukaribisha.

Msalimie wifi, wabusu watoto, na Mungu awalinde nyote huko mliko.

Mimi dada yako akupendaye,
Leelamma